Asiyekuwapo na Lake Halipo: Historia ya Kutafuta Kipimo cha Kweli katika Elimu ya Nafsi

Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husemwa barazani, pale shauri linapokatwa na mwenye haki hayupo kulisemea lake. Hapana aliyedhani kwamba ingefaa kuwa muhtasari wa msiba uliozifika elimu za binadamu katika karne ya 20, walakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa zaidi ya miaka hamsini wanazuoni wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, walikata mashauri makubwa juu ya akili, nia na tabia ya mwanadamu, hali sehemu kubwa ya mashahidi haikuitwa barazani. Mashahidi hao walikuwa majaribio yaliyofanywa yasichapishwe. Habari ya jinsi kukosekana kwao kulivyogunduliwa, na jinsi watu walivyojaribu kukisia ushahidi ambao hawakuusikia, ina mafundisho kwa kila mwenye kusoma jarida la elimu.

Kwanza yafaa kujua kinachopimwa. Mchunguzi akitaka kujua kama jambo fulani hugeuza tabia ya watu, huwagawa watu katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hutendewa jambo lile na la pili halitendewi. Kisha wastani wa kundi hili hulinganishwa na wastani wa kundi lile. Tofauti hiyo ikigawanywa kwa kiasi ambacho watu kwa kawaida hutofautiana wao kwa wao, hupatikana tarakimu iitwayo ukubwa wa athari. Jacob Cohen wa Chuo Kikuu cha New York, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alipendekeza kwamba 0.2 ihesabiwe athari ndogo, 0.5 athari ya kadiri, na 0.8 athari kubwa. Athari ya 0.5 mtu makini huweza kuitambua kwa macho. Ile ya 0.2 haionekani ila kwa hesabu.

Lakini tofauti yoyote yaweza kuzaliwa na bahati tu. Kwa sababu hiyo Ronald Fisher wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, aliwapa wachunguzi kanuni ya kufaa: tofauti ambayo kwa bahati peke yake isingetokea zaidi ya mara moja katika ishirini, yastahili kuangaliwa. Fisher aliitoa kanuni hii iwe msaada kwa mchunguzi katika kazi yake. Miaka ilipopita, wahariri wa majarida waliigeuza kuwa mlango. Aliyepata tofauti iliyovuka mpaka ule alikaribishwa. Asiyeipata alirudi na karatasi zake nyumbani. Nani angependa kusoma habari ya jambo ambalo halikutokea?

Wa kwanza kuhesabu matokeo ya desturi hii alikuwa Theodore Sterling, mwaka 1959. Alichukua majarida manne ya elimu ya nafsi akasoma yaliyochapishwa ndani yake kwa mwaka mmoja. Makala 294 yalitumia kipimo cha Fisher, na kati ya hayo 286 yalikuwa yamevuka mpaka. Hiyo ni sehemu 97 katika kila mia. Tena hakuona hata makala moja iliyorudia jaribio la mtu mwingine ili kulihakikisha. Sterling alitoa hoja nyepesi kueleweka na nzito kubeba. Wachunguzi ishirini, kila mmoja peke yake, wakijaribu jambo lisilokuwapo kabisa, yumkini mmoja wao atavuka mpaka kwa bahati. Huyo mmoja atachapishwa. Kumi na tisa waliobaki watanyamaza, na msomaji hatajua kwamba walikuwapo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, Cohen alileta upande wa pili wa ushahidi bila ya kukusudia. Yeye aliuliza swali jingine: majaribio yanayochapishwa yana uwezo gani wa kuiona athari, ikiwa athari ipo kweli? Alipima makala 70 ya jarida moja mashuhuri akaona kwamba kwa athari ya kadiri, jaribio la kawaida lilikuwa na nafasi 48 tu katika mia ya kuiona. Sababu ilikuwa uchache wa watu waliojaribiwa. Kwa maneno mengine, mchunguzi wa zama hizo alikuwa kama mtu anayerusha sarafu.

Ukiziweka tarakimu hizi mbili pamoja, fumbo hujitokeza. Ikiwa majaribio yana nafasi ya nusu kwa nusu, yawezekanaje kwamba 97 katika kila mia yanafaulu? Mvuvi ambaye wavu wake una matundu makubwa, na kila siku hurudi na mtumbwi uliojaa, lazima aulizwe siku alizorudi mtupu amezihifadhi wapi. Swali hilo liliweza kuulizwa tangu mwaka 1962. Halikuulizwa kwa sauti ya kusikika mpaka nusu karne ilipopita. Peter Sedlmeier na Gerd Gigerenzer walipoirudia hesabu ya Cohen katika jarida lile lile, na kutangaza matokeo yao mwaka 1989, waliona kwamba uwezo wa majaribio haukuwa umeongezeka hata kidogo.

Madhara ya mlango ule hayaishii katika kuingiza mambo yasiyokuwapo. Hata jambo lililopo kweli hutoka mlangoni limevimba. Hesabu yake ni rahisi, na yafaa ifuatwe hatua kwa hatua. Tuseme athari ya kweli ni 0.2, na mchunguzi ana watu 20 katika kila kundi. Kwa watu wachache hivyo, tofauti haiwezi kuvuka mpaka wa Fisher isipofika 0.64. Mara nyingi mchunguzi ataona tofauti iliyo karibu na 0.2, na kazi yake haitachapishwa. Kama mara moja katika kumi, bahati itamwongezea hata afike 0.64 au zaidi, na siku hiyo atachapishwa. Basi msomaji wa jarida, ambaye huona zilizochapishwa peke yake, atasadiki kwamba athari ni mara tatu ya ilivyo au kuzidi. Mchunguzi hakusema uongo, na mhariri pia hakusema uongo. Kila tarakimu iliyochapishwa ni ya kweli, walakini jumla yao ni uongo. Jambo hili, David Lane na William Dunlap walilieleza kwa hesabu mwaka 1978, na Larry Hedges akalieleza tena mwaka 1984.

Wakati huo huo elimu ilikuwa ikisafiri kuelekea upande mwingine kwa furaha. Mwaka 1976 Gene Glass aliipa jina kazi ya kukusanya majaribio mengi ya jambo moja na kuyafanya hesabu moja. Mwaka uliofuata, yeye na Mary Lee Smith walijumlisha majaribio 375 ya tiba ya nafsi kwa mazungumzo, wakapata athari ya wastani ya 0.68. Ubishi wa miaka 25 juu ya kufaa au kutofaa kwa tiba hiyo, uliowashwa na Hans Eysenck mwaka 1952, ulionekana umepata jibu. Ilidhaniwa kwamba palipo na majaribio mengi, makosa ya hili yatafutwa na makosa ya lile. Dhana hiyo ni sawa ikiwa makosa yameelekea pande zote. Yakiwa yote yameelekea upande mmoja, wingi huyatia nguvu tu. Mizani iliyopotoka haitengenei kwa kupima mara mia.

Robert Rosenthal wa Harvard aliliona tatizo hili, na mwaka 1979 akalipa jina ambalo limedumu: tatizo la mtoto wa meza. Aliwaza hali mbaya kuliko zote, kwamba majarida yamejaa majaribio matano katika kila mia yaliyofaulu kwa bahati, na watoto wa meza wamejaa yale 95 yaliyoshindwa. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuhesabu ni majaribio mangapi ya kufichwa yangehitajika ili kuibatilisha hukumu. Yakihitajika maelfu, basi hukumu haina hofu. Dawa hii ilipendwa sana kwa kuwa ilituliza mioyo. Walakini ilikuwa na kasoro. Ilichukulia kwamba majaribio yaliyofichwa, kwa wastani, yana athari ya sifuri. Lakini ikiwa yale yaliyopata bahati njema yameondolewa yakachapishwa, masalio hayawezi kuwa na wastani wa sifuri; yataelekea chini yake. Kwa hiyo majaribio machache ya kufichwa yangetosha kuangusha hukumu ambayo Rosenthal aliiona imara.

Ili kuona mambo haya yalivyotenda kazi katika elimu yenyewe, hapana mfano ulio wazi kuliko ule wa nguvu ya nia. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini Cleveland, waliwaalika wanafunzi 67 wenye njaa katika chumba kilichonukia biskuti zilizookwa muda ule. Baadhi yao waliruhusiwa kula biskuti na chokoleti. Wengine waliamriwa kula figili peke yake, hali biskuti zipo mbele ya macho yao. Kisha walipewa mafumbo yasiyofumbuka. Waliokula biskuti walishindana na mafumbo kwa dakika 19 hivi, na wale wasiopewa chakula chochote dakika 21. Waliojizuia na kula figili waliacha baada ya dakika 8. Hukumu ikatolewa kwamba nia ya mwanadamu ni kama akiba ndogo: ukiitumia hapa, itakupungukia kule.

Fikra hii ilipendeza kwa sababu kila mtu alidhani ameionja. Majaribio mengi yalifuata, na mwaka 2010 Martin Hagger na wenzake walijumlisha 198 wakapata athari ya 0.62. Ilikuwa zaidi ya athari ya kadiri, imesimama juu ya nguzo 198. Fikra ikaingia katika vitabu vya kufundishia na katika nasaha walizopewa watu juu ya kula, kazi na maamuzi. Vijana walipata udaktari kwa kuiendeleza.

Ndipo Evan Carter na Michael McCullough wa Chuo Kikuu cha Miami walipozirudia hesabu zile zile, wakatoa matokeo yao miaka ya 2013 na 2014. Zana walizozitumia zilikuwa zimetengenezwa pole pole na wengine. Richard Light na David Pillemer walionyesha mwaka 1984 kwamba majaribio yakichorwa kwa kufuata ukubwa wa athari na idadi ya watu, yapaswa kufanya umbo la hema: yale makubwa hukusanyika juu karibu na ukweli, na yale madogo hutawanyika chini, kulia na kushoto. Hema likikosa upande mmoja, pana majaribio yasiyokuwapo barazani. Matthias Egger na wenzake walitoa kipimo cha kuhesabu upungufu huo mwaka 1997. Kisha Tom Stanley, mwanazuoni wa uchumi, alieleza njia ya kupitisha mstari kati ya majaribio na kuuendeleza mpaka pale ambapo jaribio lingekuwa kubwa hata lisiwe na shaka. Hapo ndipo ukweli hukisiwa kuwapo. Carter na McCullough walipoupitisha mstari wao, haukufika 0.62. Ulifika mahali ambapo athari haikuweza kupambanuliwa na sifuri.

Yumkini wangepuuzwa, lakini zama zilikuwa zimebadilika. Mwaka 2011 Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa amechapisha, katika jarida lenye heshima, majaribio tisa ya watu zaidi ya elfu moja, yaliyoonyesha kwamba mwanadamu huhisi mambo yajayo kabla ya kutokea. Alifuata desturi zile zile zilizofuatwa na wengine. Wenye elimu wakajikuta katika njia panda: ama waamini utabiri, ama wazitilie shaka desturi zao. Mwaka huo huo Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha kwamba mchunguzi anayejiruhusu kuchagua kipimo hiki au kile, kuongeza watu, au kuacha sehemu ya jaribio bila kuitaja, aweza kuvuka mpaka wa Fisher mara 60 katika kila mia hata kama jambo lenyewe halipo. Mara moja katika ishirini ilikuwa imegeuka kuwa zaidi ya nusu. Mwaka 2015 wanazuoni wengi walioshirikiana chini ya Brian Nosek walitangaza kwamba walikuwa wamerudia uchunguzi 100 uliochapishwa mwaka 2008. Katika asili, 97 kwa mia zilikuwa zimefaulu, tarakimu ile ile ya Sterling. Katika marudio, zilifaulu 36, na ukubwa wa athari kwa wastani ulikuwa nusu ya ule wa kwanza.

Mwaka 2016 shauri la nia likakatwa. Maabara 23 yalifuata utaratibu mmoja uliotangazwa kabla, kwa watu 2,141, na Hagger mwenyewe alikuwa kiongozi wa kazi hiyo. Athari ilikuwa 0.04. Baumeister na Kathleen Vohs walipinga, wakasema kazi waliyopewa washiriki haikuwa na uwezo wa kuichosha nia, na haki yao ya kupinga ilikuwa kamili. Kisha Vohs, ambaye alikuwa mtetezi wa fikra hii, aliongoza jaribio jingine katika maabara 36 kwa watu 3,531, kwa taratibu mbili. Lilichapishwa mwaka 2021, na athari ilikuwa 0.06. Mwanazuoni anayekubali kulipima jambo alilolitetea, mbele ya watu wote, kwa kipimo ambacho hawezi kukigeuza baadaye, ameifanyia elimu kazi iliyo kubwa kuliko ushindi.

Je, basi yatosha kuchukua zilizochapishwa na kuzisahihisha kwa hesabu? Wengi walitumaini hivyo. Zana zilizidi kuwa nyingi: mwaka 2014 Simonsohn na wenzake walionyesha namna ya kukisia athari kwa kuangalia majaribio yaliyofaulu peke yake na jinsi yalivyovuka mpaka, kwa mbali au kwa kunyatia. Lakini mwaka 2019 Carter na wenzake walizipima zana hizi kwa majaribio ya kubuni ambayo ukweli wake ulijulikana, wakaona kwamba hapana hata moja inayofaa katika kila hali. Iliyofaa hapa ilipotea kule, na kwa kuwa mchunguzi hajui yuko katika hali ipi, hajui aiamini ipi. Mwaka 2020 Amanda Kvarven na wenzake walichukua mambo 15 yaliyojumlishwa kwa njia ya zamani na pia kurudiwa na maabara mengi. Majumlisho yalikuwa makubwa karibu mara tatu ya marudio, na masahihisho ya kihesabu hayakusaidia vya kutosha.

Njia iliyobaki ni kumfungua mtoto wa meza mwenyewe. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walisoma kumbukumbu za idara ya serikali ya Marekani inayoidhinisha dawa, ambayo hupokea majaribio yote, yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Kwa dawa za kuondoa huzuni ya maradhi, mwenye kusoma majarida angedhani kwamba 94 katika mia ya majaribio yamefaulu; kumbukumbu zilisema 51. Tiba ya mazungumzo nayo haikusalimika. Mwaka 2015 Ellen Driessen na wenzake walifuatilia fedha 55 zilizotolewa na serikali hiyo kwa majaribio ya tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa huzuni. Kumi na tatu hazikuzaa chapisho lolote. Walipowatafuta wenyewe na kuyatia matokeo yao katika hesabu, athari ilishuka kutoka 0.52 hadi 0.39.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Tofauti kati ya 0.52 na 0.39 si ya kubishaniwa na wenye hesabu peke yao. Ni mgonjwa aliyeambiwa kwamba tiba itamfaa zaidi ya inavyoweza kumfaa, na isipomfaa hujiona kuwa kosa ni lake. Tena ni fedha ya umma iliyogawanywa kwa kufuata ahadi. Hata hivyo 0.39 si sifuri. Anayesema tiba haina faida amekosea sawa na anayeitia chumvi. Na yako mambo yaliyoshinda mtihani: maabara mengi yaliposhirikiana mwaka 2014 kurudia athari 13, kumi zilisimama. Athari ya mtu kuvutwa na tarakimu aliyotajiwa kabla ya kukisia idadi ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa katika jaribio la asili.

Tangu mwaka 2013 baadhi ya majarida yalianza desturi mpya. Mchunguzi hupeleka swali na utaratibu wake kabla ya kufanya jaribio, na mhariri hukubali au hukataa hapo hapo, kabla ya yeyote kujua matokeo. Anne Scheel na wenzake walilinganisha desturi mbili hizi mwaka 2021. Katika makala ya desturi ya zamani, dhana ya kwanza ya mchunguzi ilithibitika mara 96 katika mia. Katika ya desturi mpya, mara 44. Aliyeona aibu kwa tarakimu hii ya pili hakuielewa. Elimu inayouliza maswali magumu lazima ijibiwe "la" mara nyingi, na majibu ya "la" ndiyo yanayolipa jibu la "ndiyo" thamani yake.

Sterling alihesabu mwaka 1959 kwa kalamu na subira, na majarida aliyoyahesabu yalikuwa mezani pa kila mwanazuoni wa zama zake. Haikukosekana akili ya kulitambua kosa, wala hesabu ya kulieleza. Ilikosekana nia ya kuwauliza wasiokuwapo. Msomaji wa leo, anapokuta athari kubwa katika majaribio madogo, na yote yamefaulu, ana wajibu wa kuuliza swali ambalo lingeweza kuulizwa miaka ile: wengine wako wapi?